Mwanafunzi akishambuliwa Malindi: hospitali, dawati la jinsia na ofisi ya chuo nilivyozipima

Hukumu naitoa mwanzo, maana anayeyatafuta haya huenda hana muda wa hadithi. Ukishambuliwa na wewe ni mwanafunzi hapa Malindi, nenda hospitali ya serikali kwanza, usiku huo huo, na nguo ulizovaa. Njiani piga 1195, namba ya msaada. Polisi wafuate. Ofisi ya chuo iwe ya mwisho, na uiingie ukiwa na karatasi mkononi. Kijitabu wanachopewa wanafunzi wapya kinasema kinyume, chuo kwanza kisha wengine, na mpangilio huo unakula saa ambazo huzipati tena. Nyota zangu: hospitali nne, dawati la jinsia la polisi mbili na nusu, chuo moja, na hiyo moja ni ya mama mshauri peke yake. Namba ya 1195 ina tano zake zote.

Mimi si mwanasheria wala nesi. Nina nyumba ya vyumba vya kupangisha upande wa Muyeye, na wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi. Jioni nakaa mlangoni na karai langu la viazi, kwa hiyo najua nani amerudi na nani bado. Wazazi wao wako Garsen, Hola, Witu, Marafa, Faza. Mtoto akipatwa na jambo usiku, mlango unaogongwa ni wangu. Njia hii nimeifuata na wapangaji wawili, msichana na kijana, kwa visa visivyofanana. Wameniruhusu kuandika mradi nisitaje majina wala chuo. Hospitali na kituo cha polisi navyo sivitaji. Waliomo wakisoma watajijua.

Msichana alishambuliwa kingono Ijumaa usiku akitoka kusoma, na mtu anayemjua kwa sura na kwa jina. Alikimbilia geti la chuo. Soja akaandika kitu kwenye daftari lake, akampa maji, akamwambia, "Ofisi imefungwa dada, njoo Jumatatu umwone mkuu wa wanafunzi." Sina ugomvi na yule soja, maji alimpa na hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo. Lakini hebu piga hesabu. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zile zinazoitwa PEP, hazianzishwi baada ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Kutoka Ijumaa saa tatu usiku hadi Jumatatu saa tatu usiku ndizo hizo 72. Ofisi ikifunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi zimebaki kumi na tatu, na hapo hujapanga foleni, hujaambiwa mkuu yuko mkutanoni, hujaambiwa uandike barua. Dawa za kuzuia mimba zina nafasi kubwa kidogo, saa 120, nazo pia mapema ndiyo bora. Chuo hakikukusudia ubaya kufunga ofisi wikendi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwambia soja sentensi moja: anayekuja na jambo hili usiku, mpakie tuktuk, apelekwe hospitali.

Kwangu alifika bila kiatu kimoja. Nilimfunga leso juu ya nguo alizovaa, nikampigia mwenye tuktuk ninayemwamini, nikaweka mfukoni nguo nyingine safi. Hilo la nguo za akiba likumbuke, maana ulizovaa zitabaki kama ushahidi, na si vyema mtoto wa watu arudi nyumbani na gauni la hospitali. Usioge, usifue, usipige mswaki ukiweza kuvumilia. Na kama umeshaoga, nenda vilevile. Tulipofika tuliambiwa kuna wanaojinyima tiba kwa kudhani wameshaharibu kila kitu, na si kweli. Ukiwa na nguo ulizokwisha kuzivua, zifunge kwenye karatasi, hata gazeti la jana linatosha, usizitie kwenye nailoni. Nailoni inafungia unyevu, nguo zinaoza na ushahidi unaoza nazo. Mifuko ile ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini sokoni kwetu ukinunua papa mkavu bado utafungiwa ndani yake, kwa hiyo nasema.

Ndani ya tuktuk ndipo nilipopiga 1195. Ni namba ya taifa ya wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ya bure, saa 24, na inapigika hata simu ikiwa haina salio. Aliyepokea hakuniuliza mimi ni nani wala chuo gani. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Hapo mlipo mko salama?" La pili, saa ngapi yametokea. La tatu, je, msichana mwenyewe anataka kuongea au niongee mimi? Nikampa simu. Sikusikia alichoambiwa ila nilimwona anapumua. Tuliporudishiana simu nilielekezwa nini cha kuomba hospitalini na fomu gani nisiondoke bila kuiona. Kiswahili kitupu, pole pole, hakuna haraka ya kukata. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 kuna 116, hiyo sijawahi kuitumia.

Hospitalini nilimnong'oneza nesi wa mapokezi, na kitu cha kwanza nilichompendea ni kwamba hakunirudishia kwa sauti. Alitutoa kwenye foleni ya watu waliokaa na watoto wenye homa, akatuingiza chumba cha pembeni chenye pazia, kitanda na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari alikuja baada ya muda si mrefu. Alitaja jina lake, akavuta kiti akaketi chini kuliko yule msichana. Akasema, "Hakuna nitakachokifanya bila wewe kukubali. Ukisema basi, tunaacha hapo hapo, na dawa utapata vilevile." Kila hatua akauliza tena. Nimezaa hospitali, nimeuguza mume hospitali, na sijawahi kuona daktari anaomba ruhusa mara nyingi namna ile.

Fomu ya kuijua hapa ni PRC. Ndiyo inayoandika kilichoonekana mwilini, vipimo vilivyochukuliwa na dawa zilizotolewa, na inatoka nakala tatu: ya polisi, ya hospitali na ya kwako. Ya kwako ishike, uipige picha. Haihitaji uwe umefika polisi kwanza. Narudia hili kwa sababu watu wengi wa mtaani, hata wahudumu wengine, wamekariri kwamba bila polisi huguswi. Unaguswa. Tiba kwanza, karatasi za polisi baadaye. Alipimwa, akaanzishiwa PEP ya siku 28, akapewa dawa ya kuzuia mimba, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na tarehe za kurudi kwa vipimo vingine.

Pesa: hakuna. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 35, inasema gharama za matibabu ya mwathiriwa katika hospitali ya umma ni za serikali. Mhudumu wa dirisha la malipo yeye hakuwa amesikia habari hizo, alitaka pesa ya kadi. Nesi wetu alitoka, wakaangaliana, kadi ikaandikwa. Nyota iliyopungua ni ya dirisha hilo, na ya mtoa ushauri nasaha ambaye wikendi hayupo, eti aje Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo tena! Nilianza kudhani mji mzima umekubaliana kwamba mabaya yasitokee baada ya Ijumaa alasiri.

Sasa polisi. Tulikwenda Jumamosi asubuhi, amelala kidogo, amekula mkate kidogo. Nilikuwa na PRC kwenye bahasha. Kaunta ya kituo iko wazi kwa barabara, nyuma yetu wamesimama watu waliopoteza vitambulisho na laini za simu, na askari aliyekuwa zamu akamuuliza shida yake kwa sauti ya kuuza samaki. Msichana akanyamaza. Nikasema tunataka dawati la jinsia. Akajibu wa dawati hayuko, tumweleze yeye. Nikasema tutasubiri. Akanigeukia: "Mama, wewe ni nani wake?" Nikamwambia mwenye nyumba. Akacheka, akasema mwenye nyumba hana kesi hapa. Ni kweli sina kesi, ila msichana alisema kwa mdomo wake kwamba anataka nikae naye, na hilo likamaliza maneno.

Kabla ya afande wa dawati kufika tuliambiwa mawili yaliyotuchelewesha bure. La kwanza, "shahidi yuko wapi?" La pili, "mnajuana na huyo kijana, si muyazungumze?" Kwa la kwanza, jibu liko kwenye Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124: katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake. Sikuizua mimi, wakili wa msaada wa kisheria alinieleza kwa simu na nikaiandika nyuma ya bahasha. Kuhusu la pili nitarudi.

Afande wa dawati alipokuja hali ilibadilika mara moja. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, sauti ya chini. Alitupeleka ofisi yenye mlango unaofungika. Alimwacha aeleze mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, ndipo akaanza kuandika taarifa, na alipomaliza akamsomea yote kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Palipokosewa pakasahihishwa. Taarifa yako ikishasainiwa ndiyo itakayokufuata mahakamani, kwa hiyo usione haya kusema "hapa sivyo nilivyosema." Tukapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na P3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha. Iandike namba ya OB kwenye simu, pamoja na tarehe na jina la afande aliyekuhudumia, maana utaulizwa kila uendako.

P3 ni bure. Kila mtu kituoni anajua ni bure, na bado kuna aliyetaka "ya fotokopi", na siku ya kwenda kumtafuta mtuhumiwa ikasikika habari ya mafuta ya gari. Ya fotokopi sikutoa. La mafuta nilimwuliza kama naweza kupata risiti yenye muhuri ili nikaombe ofisi ya mkuu wa kituo inirudishie. Gari likapata mafuta kwingine. Yule afande wa dawati peke yake ningempa nyota tano na halwa juu yake. Lakini nakipima kituo kizima, na kituo kinachotegemea mtu mmoja awe zamu hakistahili zaidi ya mbili na nusu. Asiyekuja na mtu wa kumwambia asubiri, angeeleza yote pale kaunta.

Wasiwasi mkubwa wa mama yake, aliyepanda basi kutoka kwao akafika na macho mekundu, ulikuwa mahakama. Mtoto asimame mbele ya watu aulizwe? Sheria ile ile ya 2006 inamruhusu hakimu kumtambua shahidi kuwa dhaifu na kumlinda: asikilizwe nyuma ya pazia, au kupitia msaidizi, au watu watolewe nje ya chumba. Hakimu anaweza kuamua hivyo mwenyewe au akiombwa na upande wa mashtaka, kwa hiyo mwambieni mwendesha mashtaka mapema. Kwa upande wetu wa Pwani iko pia mahakama maalum ya makosa haya Shanzu, Mombasa, iliyofunguliwa 2022. Kesi yetu sisi iko Malindi na inaendelea. Zaidi ya hapo siigusi.

Nije kwenye chuo, ambako ndiko nilikodhani mambo yatakuwa mepesi.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la korido, mkabala na foleni ya wanaolipa karo. Karani akauliza tumekuja kwa jambo gani. Msichana akaeleza. Karani akamwita naibu. Naibu akasema aeleze. Akaeleza. Naibu akasema hili ni la mlezi wa hosteli kwanza. Mlezi wa hosteli akasema msichana haishi hosteli, anapanga nje, kwa hiyo si lake, lakini aeleze tu alisikie. Mwisho tukaingia kwa mkuu mwenyewe, akafungua daftari jipya, akasema: "Haya, tuanze mwanzo." Wakati huo PRC iko mezani, namba ya OB iko mezani. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha huduma hizi zote, na sijapata kingine bora: mtu amelazimishwa kulisimulia jambo mara ngapi? Hospitali mara moja, na nesi akampokeza daktari yeye mwenyewe asiulizwe tena. Polisi mara moja na kipande. Chuo, nilichoka kuhesabu.

Fomu yao inaitwa ya malalamiko ya nidhamu. Ni ile ile anayojaza mwanafunzi aliyepikia koili chumbani au aliyepiga muziki usiku. Pana sehemu ya "mali iliyoharibiwa". Pana sehemu ya sahihi ya mkuu wa idara, maana yake idara nzima ijue. Kisha likaja pendekezo la kumwita yule kijana hapo hapo wakae wote wawili "tusikie pande mbili". Nilisimama. Nilisema kwa adabu kwamba pande mbili zinasikilizwa na hakimu, na kwamba kesi imeshaandikwa. Mkuu si mtu mbaya. Alichokuwa akikiogopa kilionekana waziwazi, jina la chuo, na alilitaja jina hilo mara nyingi kuliko alivyolitaja la msichana.

Ajabu ni kwamba chuo kina kazi yake ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Polisi hawawezi kumhamisha mtu kundi la maabara. Hospitali haiwezi kuahirisha mtihani. Daktari hawezi kumkataza kijana asikae safu ya nyuma yake maktaba wakati upelelezi unaendelea. Alichokuwa akihitaji msichana wakati ule kilikuwa hicho tu: asikutane naye, asifeli, asilale njiani kwa hofu. Hakuomba chuo kiamue nani mkosa. Wao wakashika la kuamua, ambalo si lao, wakaliacha la kusaidia.

Aliyelishika ni mama mshauri, mwenye kijichumba kando ya zahanati ya chuo, nyuma ya mashine mbovu ya fotokopi. Ana kopo la ubuyu juu ya meza. Alisoma karatasi zetu kimya, akasema, "Sihitaji kusikia tena mwanangu, nimesoma. Wataka nini kifanyike wiki hii?" Wiki haijaisha mitihani midogo ilikuwa imesogezwa, kundi la maabara limebadilishwa, na yule kijana ana barua ya kutomkaribia. Yote aliyafanya kwa miguu yake, akitoka mlango hadi mlango. Kama uko chuo hicho, mruke kila mtu, mtafute yeye. Tatizo ni kwamba huwezi kumjua, maana mlangoni pake hapana kibao.

Na kama anayekusumbua ni mwalimu au mfanyakazi wa chuo, ofisi hiyo usiianze kabisa. Kifungu cha 23 cha sheria ile ya 2006 kinamhusu aliye na mamlaka anayeng'ang'ania kumtaka mtu kingono huku akijua hatakiwi, na adhabu yake haipungui miaka mitatu au faini ya 100,000, au vyote viwili. Hilo ni la polisi, si la kamati ya nidhamu ambayo huenda yeye ni mjumbe wake.

Nina mpwa wangu anasoma Uingereza, nilimsimulia. Huko, asema, vyuo vingi vina ukurasa wa kuripotia wenye njia mbili tu: niongee na mtu, au niseme bila jina. Kuna vituo vya afya vya watu walioshambuliwa ambako unaweza kwenda bila kuhusisha polisi, na ushahidi ukahifadhiwa wakati wewe unafikiri. Na tangu Agosti 2025 msimamizi wa vyuo vya England anavilazimisha kuweka mahali pamoja maelezo yote ya unyanyasaji, msaada na namna ya kuripoti. Sisemi kwao hakuna ubaya. Mpwa wangu mwenyewe amewahi kuvutwa mtandio kwenye basi, na huko kosa la chuki kwa ajili ya dini linaandikwa polisi kwa jina hilo. Nilichotamani ni lile la mahali pamoja. Halihitaji pesa. Linahitaji karatasi moja na gundi.

Hilo la mtandio linanipeleka kwa kijana wangu, wa visiwa vya Lamu, mpole, Ijumaa kanzu na kofia ya kitto. Walimpiga wenzake nje ya kantini. Walianza na maneno, wakamwita Al-Shabaab, wakamwigiza Kibajuni chake, mmoja akamvua kofia, kilichofuata ni ngumi. Jino likatoka. Kwake yeye hospitali ilikuwa na lipa hapa, lipa pale, kwa sababu ule msamaha wa gharama ni wa makosa ya kingono. Kituoni walimwandikia shambulio, wakampa P3. Sawa, shambulio la kumdhuru mtu lina kifungo cha hadi miaka mitano chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini maneno aliyoambiwa hayakuandikwa. Askari alisema matusi ni matusi.

Yaandikishe. Taja neno kwa neno walivyosema, nani alisema, nani alisikia. Kenya inayo Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kauli za kuchochea chuki za kikabila au za rangi zina faini ya hadi shilingi 1,000,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu. Kama maneno hayamo kwenye taarifa, hakuna mwendesha mashtaka atakayeyaota. Tulirudi kesho yake, yule afande wa dawati la jinsia, ambaye kesi hii haikuwa yake hata kidogo, akamkalisha mwenzake chini na taarifa ikaongezwa. Chuoni walisema ni mzaha wa vijana, wapeane mikono. Kijana akakataa mkono, na pia akakataa kuendelea na kesi. Wengine walimlaumu. Mimi nilimwambia jino ni lake na uamuzi ni wake. Karatasi zake ziko kwenye sanduku langu la bati, akizitaka siku yoyote zipo.

Nilisema nitarudi kwa lile la kuyazungumza. Wazee walikuja, kwa kesi ya msichana, jioni nauza. Watu wa heshima, mmoja alisali na marehemu mume wangu. Walitaka maslaha, familia mbili zikae, mambo yaishe kinyumbani, mtoto wa watu asiharibikiwe masomo. Nikawauliza ni mtoto yupi wanayemsema. Viazi nikawapa, chai nikawapa, na nikawaeleza kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono: uamuzi wa kusitisha kesi ya namna hii umewekwa kwa mkuu wa mashtaka wa umma. Si kwa baba, si kwa mzee wa mtaa, si kwangu mwenye nyumba. Hata msichana mwenyewe akishurutishwa kusema amesamehe, faili haifungwi kwa neno hilo. Waliondoka bila ugomvi. Nadhani mmoja wao alifarijika kuwa na cha kwenda kuwajibu waliomtuma.

Vitu vya kubeba, kwa atakayekuja kuvihitaji: kitambulisho kama kipo, na kama hakipo nenda hivyo hivyo, nguo za kubadili, simu yenye chaji, maana namba na picha za karatasi zote zitakaa humo, na mtu mmoja asiyependa kuongea sana. Mimi naongea sana, wapangaji wangu wamevumilia.

Muhula huu chuo kimebandika tangazo getini, rangi mbili, na namba ya "dharura" ya kuripoti mashambulio. Nilifurahi, nikaipiga Jumamosi saa nne usiku nione. Iliita mpaka ikakatika. Nikaipiga Jumatatu, ikapokewa na karani yule yule wa korido. Nyota yao inabaki moja. Siku nitakayoipiga usiku na mtu akapokea, nitarudi hapa kuwaongezea.